Maswali ya Wasomaji: Mfariji Ambaye Hajafarijiwa

Katika barua zilizotufikia mwezi huu, tatu zinagusa jambo moja: Mkristo anayewauguza wengine rohoni huku yeye mwenyewe akiwa na jeraha ambalo halijafunga. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inahitaji hivyo.

Swali: Je, mimi ni mnafiki?

*Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 47, mshiriki wa kanisa moja hapa Dodoma, na kwa miaka 9 nimeongoza kikundi cha akina mama kinachowatembelea wagonjwa na wafiwa. Mwezi Machi mwaka jana kijana wangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 22, aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Tulizika, tukaanua matanga, na arobaini ilipopita nikarudi kwenye huduma, maana kila mtu aliniambia kwamba kazi ya Bwana ndiyo itakayonitia nguvu. Sasa wanaofiwa, hasa wanaofiwa na vijana, huniita mimi, wanasema, "Mwiteni mama yule, yeye amepitia." Ninakwenda, ninaketi mkekani na mfiwa, ninasoma Zaburi na kuomba, na wengi wameshuhudia kwamba walipata nguvu. Lakini mwezi uliopita, katika msiba wa kijana mwingine wa bodaboda, nilipomaliza kuomba niliondoka nikaingia chooni, nikang'ata upindo wa kanga ili nisisikike nje. Kofia ngumu ya mwanangu bado imetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, na mume wangu hathubutu kuigusa. Ninaamka saa tisa usiku na silali tena. Siku nyingine ninatamani nilale nisiamke. Nilipomdokezea kiongozi mwenzangu kwamba ninafikiria kwenda hospitali kuonana na mtaalamu, alisema kwamba mtu anayewaombea wengine hawezi kutafuta faraja kwa daktari, kwa kuwa atawakwaza wachanga wa imani. Je, mimi ni mnafiki? Niache huduma hadi nipone?*

*Mama aliyeomba jina lake lihifadhiwe, Dodoma*

Jibu: Bwana asifiwe, mama. Pole sana kwa kumpoteza mwanao. Umeniuliza mambo mawili mwishoni mwa barua yako, lakini nitaanza na sentensi uliyoipitisha katikati ya nyingine kana kwamba ni jambo dogo, ile ya kutamani kulala usiamke. Jambo hilo si dogo, wala si dhambi ya kuonewa haya. Eliya, siku chache tu baada ya moto kushuka mlimani Karmeli, aliketi chini ya mretemu akasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Angalia alichofanyiwa. Hakukemewa, hakufundishwa somo la imani, wala hakuambiwa ahesabu baraka zake. Aliachwa alale, akaguswa na malaika, akapewa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaguswa mara ya pili na kuambiwa ale kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Maswali ya Mungu kwake yalikuja baadaye, kule Horebu, mtu akiwa amekwisha kula na kulala.

Kwa hiyo nakuomba, leo hii kabla ya kulala, umwambie mume wako sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi, na wiki hii mwende pamoja hospitali. Ninyi wa Dodoma hamhitaji kusafiri mbali, kwa maana Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo hapo mjini, na haimpokei tu yule ambaye watu wa mtaani humwita kichaa, kama wengi wanavyodhani. Endapo tamaa hiyo itageuka na kuwa mpango, yaani ukajikuta unafikiria namna na saa, usisubiri wiki wala asubuhi. Mwamshe mume wako, mwende usiku huo huo.

Huyo kiongozi mwenzako sina shaka na nia yake, lakini amekosea. Kulia kwa ajili ya mtoto si ugonjwa, na hakuna tarehe ambayo mama anapaswa kuwa amemaliza. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, limetambua kwamba kuna huzuni ya msiba ambayo huendelea kwa ukali ule ule kwa zaidi ya miezi 6, ikapita kile ambacho mila na dini ya mfiwa inakitarajia, ikamzuia mtu kuishi; na kwamba hali hiyo ina msaada wake wa kitabibu. Kuna pia sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, ambayo mara nyingi hujificha katika kukosa usingizi kama huko kwako kwa kuamka saa tisa usiku. Kama unayo moja kati ya hizo au huna, mimi siwezi kukuambia kupitia gazeti. Anayeweza ni yule atakayeketi nawe na kukuuliza. Paulo alisafiri na Luka, ambaye yeye mwenyewe anamwita tabibu mpendwa, na sijaona mahali ambapo wachanga wa imani walikwazwa kwa hilo.

Sasa nije kwenye unafiki. Mnafiki ni mtu anayevaa kile asichokuwa nacho ili apate faida: sifa, cheo au sadaka. Mama anayeng'ata kanga chooni ili kilio chake kisimfunike mfiwa aliyeko mkekani hajavaa kitu, amejinyima. Ungekuwa mnafiki kama ungewaambia wafiwa wale kwamba Yesu amekuondolea maumivu yote, na sioni katika barua yako kwamba umewahi kusema hivyo. Lakini lipo neno moja katika barua hiyo ambalo limenisumbua, na si lako, ni la wale wanaokuita. Wanasema, "Yeye amepitia." Mama, wewe hujapitia. Unapitia. Tofauti ya viambishi hivyo viwili ndiyo inayokumaliza, kwa maana kanisa limekuweka ng'ambo ya mto kama mtu aliyekwisha kuvuka, nawe bado umo majini hadi kifuani, na kila anayetumbukia anaelekezwa akushike wewe.

Andiko ambalo huwa tunalisoma katika misiba, la 2 Wakorintho 1:4, linasema kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu zote ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja zile tunazofarijiwa na Mungu. Sisi wahubiri hulikimbilia lile neno "kuwafariji" na kulisahau neno "tunazofarijiwa". Paulo anazungumzia kitu kilichopokelewa kwanza. Tena mistari michache baadaye anasimulia jinsi alivyolemewa huko Asia hata akakata tamaa ya kuishi, na anawaandikia Wakorintho wazi kwamba hapendi wakose kuijua habari hiyo. Na faraja yake ilifikaje? Katika sura ya 7 anasema kwamba Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito, yaani mtu mwenye miguu, aliyefika na vumbi la safari. Basi nikuulize kwa upole: tangu arobaini ilipopita, Tito wako ni nani? Ni nani amekuja nyumbani kwako bila kukuletea msiba wake?

Nitakuambia jambo ambalo sijalisimulia mara nyingi. Mke wangu alipofariki nilirudi mimbarani Jumapili ya tatu, na watu wakanisifu sana kwa imani. Miezi minne baadaye nilikuwa nikiongoza maziko ya mama mmoja wa jumuiya yetu, na nilipofika mahali pa kulitaja jina la marehemu, udongo ukiwa mkononi, nililitaja jina la mke wangu. Sikugundua. Nililitaja mara ya pili. Mzee wa kanisa aliyekuwa amenishikia kitabu cha ibada alinigusa kiwiko na kuninong'oneza jina sahihi, nami nikainua macho nikamwona mume wa marehemu akinitazama, si kwa hasira bali kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma kuliko hasira. Siku yake ya kufarijiwa niliichukua mimi. Mzee yule alinifuata jioni, hakunihubiria, alisema tu kwamba maziko ya miezi mitatu ijayo yatafanywa na mwinjilisti, na kwamba yeye atakuwa anakuja kwangu kila Alhamisi tunywe chai. Mwanzoni niliona kama nimevuliwa joho. Alhamisi ya tano au ya sita ndipo nilipolia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba usiache huduma yote, lakini yako mambo ya kuweka chini kwa sasa. Misiba ya vijana, hasa ya ajali za barabarani, usiende kwa muda ambao wewe, mume wako na mchungaji wako mtakubaliana, tuseme miezi sita, na usiende hata ukiitwa kwa jina. Kutembelea wagonjwa wazee, kufundisha wasichana, kupika kwenye msiba badala ya kuongoza maombi, hayo endelea nayo kama mwili unaruhusu, kwa sababu nimewaona watu walionyang'anywa huduma yote kwa siku moja wakabaki na kuta nne na picha ya marehemu, nao hawakupona haraka zaidi. Kikundi chako kina wanawake wengine. Yethro alipomkuta Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu peke yake, alimwambia kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu hao. Hilo la mwisho husahauliwa, kwamba watu nao wanadhoofika wanapozoea kumtegemea mtu mmoja.

Biblia yetu ya Kiswahili ina jambo zuri katika Wagalatia 6. Mstari wa 2 unasema, "Mchukuliane mizigo," na mstari wa 5 unasema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watafsiri walifanya vema kutumia maneno mawili, kwa sababu hata katika Kigiriki ni mawili. Furushi ni lile mtu analoweza kulibeba begani akaenda nalo safari yake: wajibu wake, dhamiri yake. Mzigo ni ule unaohitaji watu wawili kuuinua. Kifo cha mtoto hakijawahi kuwa furushi, nawe umekuwa ukikibeba kama furushi, kimya kimya, huku ukiwasaidia wengine mizigo yao.

Nawe uko mahali penye urithi mzuri katika jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, uliwaachia watu wetu desturi ya kukutana na "kutembea nuruni", yaani kusema mbele ya wenzako hali halisi ya moyo wako wiki hiyo, na aliyekuwa kiongozi hakusamehewa zamu yake. Mmoja wa watu wa uamsho huo, Festo Kivengere, alifundisha shule hapo hapo Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, Uganda. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walikimbia, wakivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Baadaye alisimulia hadharani kwamba yeye, mhubiri wa upatanisho, aliona moyo wake ukiwa mgumu kwa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London na kusikia neno la Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," ndipo alipokiri kwamba hajasamehe. Alikuwa askofu, na alisema. Ninajua kwamba katika makanisa mengi desturi hiyo imegeuka ikawa orodha ya maneno yaliyokaririwa, na pengine pia umbea umeiharibu, kwa hiyo sikushauri usimame mbele ya kusanyiko zima. Watu wawili au watatu wenye vifua vya kuhifadhi wanatosha. Hata Bwana wetu, Gethsemane, hakuwachukua wote kumi na mmoja, aliwachukua watatu, akawaambia, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Walilala, ndiyo. Wako nao huenda wakasinzia siku nyingine.

Kuhusu kofia nyuma ya mlango, hujaniuliza, lakini umeiandika. Iache hapo mpaka wewe utakapotaka. Ila mwulize mume wako yeye huwaza nini anapoiona, kwa maana naye alizika mtoto Machi ile, na katika barua yako yote ametokea mara moja tu, akiwa anaogopa kuigusa.

Swali: Mume wangu anahubiri jeraha lake kila Jumapili

*Shalom, Mchungaji. Mume wangu ni mhubiri hapa Kakamega. Alikataliwa na baba yake akiwa mtoto, na ushuhuda huo umewagusa watu wengi. Tatizo ni kwamba kila mahubiri, hata yakianzia Mwanzo au Ufunuo, huishia kwa baba yake. Watu hulia, wengine hutoa sadaka, lakini nyumbani hataki kulizungumza hata kidogo. Mama mkwe huketi safu ya tatu, kichwa kimeinama. Nimwambieje bila kumvunja moyo?*

*Mke wa mhubiri*

Jibu: Shalom, dada yangu. Barua yako ni upande wa pili wa ile ya kwanza: yule mama anaficha jeraha lake asiwaumize watu, na mume wako analifungua mbele yao kila wiki, na wote wawili hawajapata mahali pa kulitibu. Kipimo changu cha ushuhuda ni kuangalia nani anaondoka amefarijiwa. Kusanyiko likiondoka limebeba huzuni ya mhubiri, na mhubiri akaondoka amepata nafuu ya siku mbili tatu, basi waumini ndio waliofanya kazi ya uchungaji siku hiyo, bila kuulizwa kama wanaiweza.

Paulo aliandika kwamba ana mwiba katika mwili, kwamba alimsihi Bwana mara tatu umtoke, na kwamba alijibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Lakini mwiba ulikuwa nini? Hakusema, na wanazuoni wamebishana tangu karne za kwanza kama ni macho, homa au watu waliompinga. Aliwapa Wakorintho kile walichokihitaji, yaani kwamba maumivu yapo na jibu alilopewa, akabaki na mengine. Tena habari za baba mkwe wako si mali ya mume wako peke yake. Yule mama wa safu ya tatu naye alikuwamo katika nyumba hiyo, na hajawahi kuulizwa kama anaridhia zisimuliwe.

Mwambie, lakini si Jumapili mchana, akiwa ametoka mimbarani na joto lake na njaa yake. Chagua jioni ya katikati ya wiki, uanze na mama yake na si na mahubiri: "Jumapili nilimwona mama ameinamisha kichwa." Halafu unyamaze. Akikasirika, usibishane, wala usimpeleke mbele ya wazee wa kanisa kana kwamba ana kosa la nidhamu. Mtafute mchungaji mmoja mkubwa kwake kwa umri, ambaye yeye humheshimu, awe mtu wa kumsikiliza faraghani. Mhubiri anayelia mbele ya watu 300 mara nyingi ni kwa sababu hajawahi kulia mbele ya mmoja.

Swali: Mgonjwa anaweza kuwaombea wagonjwa?

*Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mbeya, nina selimundu (sikoseli) tangu kuzaliwa. Nimo katika kikundi cha maombi kinachowatembelea wagonjwa hospitali. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Tabibu, jiponye nafsi yako," wote wakacheka. Tangu siku hiyo nimeacha kuhudhuria kliniki ili nionyeshe imani. Nimefanya vizuri?*

Jibu: Hapana, mwanangu, hukufanya vizuri, na nakuomba urudi kliniki wiki hii, kabla hata ya kurudi kwenye kikundi.

Msemo aliokupiga nao mwenzako umo katika Luka 4:23, lakini laiti angesoma kuanzia juu. Yesu aliutaja kuwa ndio mithali ambayo watu wa Nazareti wangemwambia yeye, watu wale wale waliotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima dakika chache baadaye. Ni maneno ya wenye kudhihaki, nawe uliyabeba nyumbani kana kwamba ni amri.

Kuhusu kuombea wagonjwa ukiwa mgonjwa, msome Paulo. Huko Efeso watu walichukua leso na nguo zilizogusa mwili wake wakawawekea wagonjwa, nao wakapona. Ni Paulo huyo huyo aliyemshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na ambaye katika barua ya pili kwa Timotheo aliandika kwamba Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa hawezi. Hakueleza kwa nini Trofimo hakupona, wala hakumlaumu kwa upungufu wa imani. Katika sura hiyo hiyo, akiwa kifungoni, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na mara tu baada ya kumtaja Trofimo anamwandikia Timotheo, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi."

Nawe unajua kuliko mimi jinsi baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni inavyoamsha maumivu ya selimundu. Unapokwenda kuwaombea wagonjwa jioni, vaa sweta, kunywa maji ya kutosha, na vidonge vyako uwe navyo mfukoni. Na mwenzako akiuliza ni vya nini, mwambie.